Cabernet au Pinotage, Chenin au Sauvignon: waini ipi iende na chakula kipi

Kanuni inayojulikana na wengi ni fupi: nyama nyekundu kwa waini nyekundu, samaki na kuku kwa waini nyeupe. Kanuni hiyo ilizaliwa kwenye meza za Ulaya, ambako nyama huletwa na siagi, krimu na chumvi, na samaki hupikwa taratibu bila makeke. Ukiihamisha kama ilivyo hadi kwenye sinia la mbuzi choma lenye kachumbari ya pilipili, au kwa changu aliyepakwa tui zito la nazi, inaanza kuyumba. Katika vyakula vyetu vingi nyama si msemaji mkuu. Wanaosema ni moshi, ndimu, tui, ukwaju, pilipili na bizari. Kwa hiyo ninapolinganisha chupa hapa nitauliza kwanza chakula kimekolezwa kwa nini, ndipo niulize ni nyama ya mnyama gani.

Chupa ninazozungumzia ni zile zinazopatikana bila shida kwenye supamaketi na maduka ya vinywaji ya Dar es Salaam, Arusha, Nairobi au Mombasa. Nyingi zinatoka Afrika Kusini, na nyingine ni zetu za Dodoma. Wakenya wana pia waini ya zabibu za Naivasha, na ukiiona Sauvignon Blanc ya huko, yote nitakayosema kuhusu Sauvignon Blanc yanaihusu.

Mbuzi choma: Cabernet Sauvignon au Pinotage?

Kati ya waini nyekundu, Cabernet ndilo jina linalotajwa haraka mtu akitaka kuonyesha kwamba leo kuna nyama. Ina sababu yake. Zabibu za Cabernet ni ndogo na zina ngozi nene, na kwenye ngozi na mbegu ndiko iliko tanini. Tanini ndiyo huleta ukakasi, ule mkauko unaobana fizi na kukwaruza ulimi, uleule unaoupata ukinywa chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa nyeusi. Tanini hupenda kushikana na protini. Isipopata protini ya chakula hushikana na zile zilizomo kwenye mate, na mdomo hukauka.

Sasa chukua ubavu wa mbuzi uliotoka kwenye makaa, mafuta yake bado yanatiririka, uuchovye kwenye chumvi iliyomiminwa pembeni ya ubao. Tafuna, kisha kunywa Cabernet. Tanini imepata cha kushika, mafuta yamelainisha ulimi, chumvi imepunguza uchungu, na ile waini iliyokuwa ngumu ulipoionja peke yake inalegea na kutoa utamu wa matunda meusi. Hapa hakuna ubishi: kwa nyama yenye mafuta, iliyochomwa kwa chumvi tu, Cabernet inashinda.

Lakini tunakulaje mbuzi choma? Mkono wa pili unakwenda kwenye kachumbari. Nyanya, vitunguu, ndimu, na pilipili mbuzi iliyokatwakatwa humo ndani. Kunywa Cabernet ileile baada ya tonge hilo na mambo yanageuka. Ndimu inaifanya waini ionekane imepooza. Pilipili inaamsha ukakasi upya. Na kilevi, ambacho kwenye Cabernet nyingi za Afrika Kusini hufika asilimia 14 au zaidi, kinachochea moto, kwa sababu kilevi na pilipili vinagusa mlango uleule wa neva unaohisi joto mdomoni. Mtu anadhani pilipili imezidi, kumbe chupa ndiyo imeichochea.

Pinotage inavumilia zaidi. Ni zabibu ya Afrika Kusini hasa: mwaka 1925, huko Stellenbosch, Profesa Abraham Izak Perold alichanganya Pinot Noir na Cinsaut, zabibu ambayo wakati huo huko ikiitwa Hermitage, na jina la mtoto likatokana na majina ya wazazi wote wawili. Pinotage za bei ya kati zina matunda mengi na mara nyingi zina harufu ya moshi inayokubaliana na nyama ya mkaa. Zikipozwa kidogo hazigombani sana na kachumbari. Nasema za bei ya kati kwa makusudi. Zile ghali zilizokaa muda mrefu kwenye mapipa mapya ya mwaloni huwa nzito na zenye tanini nyingi, na faida niliyoisema inapotea. Soma asilimia ya kilevi kwenye lebo, na ukikuta 13 au 13.5 badala ya 14.5, chukua hiyo.

Nyama ya ng'ombe wa malishoni, hasa steki, ina mafuta machache kuliko ile ya ng'ombe walionenepeshwa kwa nafaka ambao Wamarekani huwala na Cabernet zao. Ukiichoma mpaka ikaiva kabisa, kama wengi tunavyopenda, inabaki kavu, na nyama kavu na tanini kali ni mzigo juu ya mzigo. Hapo naiacha Cabernet bila kusita.

Kwa mishkaki iliyolala kwenye kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga kuna mshindani wa tatu, Shiraz, ambayo chupa nyingine huiita Syrah. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kwamba harufu ya pilipili manga inayosikika kwenye Shiraz inatokana na kemikali iitwayo rotundone, ileile iliyomo kwenye pilipili manga yenyewe. Kwa hiyo harufu ya waini na ya viungo zinakutana kwa sababu ya kweli. Shiraz na mishkaki isiyo na pilipili kali ni chaguo ambalo sijaona la kulishinda.

Kitimoto

Hapa nyekundu zote zikae pembeni. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, cha kukaanga kina mafuta mengi, kinaletwa na ndizi, kipande cha ndimu na pilipili. Mafuta hayo yanataka kitu cha kuyakata, na kinachokata mafuta ni uchachu. Chenin Blanc kavu, yaani isiyo na utamu, ikiwa baridi kabisa, inasafisha mdomo na kukuandaa kwa kipande kinachofuata. Waini yenye mapovu inafanya kazi hiyo vizuri zaidi, maana mapovu nayo yanafagia mafuta, na hilohilo nawaambia wanaokula sambusa, bajia au kuku wa kukaanga. Watu huiweka waini ya mapovu kwa ajili ya sherehe peke yake, ilhali ni kinywaji kinachoelewana sana na vyakula vya mafuta na chumvi.

Samaki wa kupaka: Sauvignon Blanc au Chenin Blanc?

Huu ndio ulinganisho ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu chupa zote mbili ni nyeupe, zote kavu, mara nyingi zinakaa rafu moja na bei zinakaribiana, na bado moja inafaa na nyingine inaharibu.

Sauvignon Blanc ni ya majani. Ifungue unuse: pilipili hoho, majani yaliyokatwa, ndimu, pasheni. Uchachu wake uko juu na unakwenda moja kwa moja kama mshale. Kwa samaki wa kukaanga, sato mzima wa Ziwa Victoria aliyekauka vizuri na kukamuliwa ndimu, pembeni kachumbari, hii ndiyo chupa. Kuna kanuni moja nyuma yake: waini inapaswa kuwa na uchachu usiopungua ule wa chakula, la sivyo inaonekana maji. Sauvignon haishindwi na ndimu. Na harufu yake ya hoho inapatana na hoho na nyanya mbichi za kachumbari.

Ila tui la nazi ni jambo jingine. Samaki wa kupaka anachomwa kwanza, halafu anapakwa tui zito lililochemshwa na kitunguu saumu, tangawizi, bizari na ukwaju au ndimu, anarudishwa kwenye moto, anapakwa tena, mpaka tui linashika na kuungua kidogo kwenye kingo. Kinachobaki ni mafuta ya nazi, utamu wa nazi, moshi na uchachu wa mbali. Ukileta Sauvignon hapo, ule ujani wake unasimama peke yake, unakuwa mkali, na tui linaonekana limeganda mdomoni. Ni kama wageni wawili wasiosalimiana.

Chenin Blanc ina uchachu wa kutosha kukata tui, lakini juu yake ina mwili, yaani uzito mdomoni, na harufu ya tufaha lililoiva, asali, wakati mwingine nanasi. Utamu huo wa matunda unaushika utamu wa nazi. Asili yake ni bonde la mto Loire nchini Ufaransa, lakini leo Afrika Kusini ndiyo yenye mashamba mengi zaidi ya Chenin duniani, na kwa muda mrefu wakulima wa huko waliiita Steen. Kwa sababu inapandwa kwa wingi, hata chupa ya bei ya chini inaweza kuwa nzuri kweli, jambo ambalo siwezi kulisema kwa Cabernet. Chenin iliyokaa kwenye pipa la mwaloni ina uzito zaidi, na kwa kamba wa nazi au kuku wa kupaka naipendelea kuliko ile nyepesi. Kwa pweza wa nazi pia.

Mchuzi wa nazi ukiwa na pilipili nyingi, tafuta Chenin iliyobakiza utamu kidogo. Utamu hupooza pilipili, na kilevi kidogo hakiichochei.

Na waini nyekundu na samaki? Wengi wameonja na kupata ladha ya chuma na shombo iliyobaki kooni. Halikuwa wazo tu. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye waini ndiyo yanayoamsha shombo la vyakula vya baharini, na kiasi chake hutofautiana kati ya chupa na chupa. Lebo haikuambii kiasi hicho. Kwa dagaa, vibua na samaki wengine wenye mafuta, ambao shombo lao liko karibu, sioni sababu ya kubahatisha.

Pilau na biriani

Pilau ni harufu kuliko ladha. Iliki, mdalasini, karafuu, bizari nyembamba, pilipili manga. Haina ukali wa pilipili yenyewe, ukali unakuja na kachumbari. Waini yenye tanini nyingi inaufunika mdalasini na kuacha uchungu wa karafuu. Nikilinganisha nyekundu nyepesi, kama Cinsaut au Pinotage laini, na rozi kavu, ile waini ya rangi ya waridi, nachagua rozi kwa pilau ya kuku, na ile nyekundu nyepesi kwa pilau ya nyama. Rozi imedharauliwa bure. Ina uchachu wa nyeupe na kivuli cha matunda mekundu, na haigombani na mtu mezani. Kwa biriani, yenye mtindi, nyanya na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vitamu, rudi kwenye Chenin yenye utamu kidogo.

Niseme jambo hapa, kwa sababu pilau na biriani nzuri kuliko zote nilizokula zimepikwa na watu wasiogusa kilevi. Ukialikwa chakula Unguja, Lamu au kwa jirani yako Mwislamu, chupa ibaki nyumbani. Si adabu kwenda nayo, wala kuuliza. Na mantiki ya meza haibadiliki: juisi ya ukwaju isiyotiwa sukari nyingi inakata tui kama Chenin inavyokata, na maji ya ndimu na tangawizi yanaamsha pilau vizuri sana.

Dodoma: kavu au tamu?

Mizabibu ya Dodoma ilianza kupandwa na wamisionari wa Kikatoliki huko Bihawana kwa ajili ya divai ya misa, kisha kilimo kikaenea kwa wanavijiji. Udongo wa kichanga na ukame ambao unayasumbua mazao mengine unaufaa mzabibu, na kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali, mkulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, wakati mwenzake wa Ulaya au Afrika Kusini huvuna mara moja. Zabibu nyekundu inayojulikana zaidi ni ile ya Makutupora, iliyochukua jina la eneo lenye kituo cha utafiti wa zabibu. Chenin Blanc na Syrah nazo zipo.

Kuna watu wa mjini wanaoicheka waini tamu ya Dodoma na kumuona anayeinywa kuwa hajui. Siwakubalii. Swali ni inanywewa na nini. Ukiiweka pamoja na ugali na nyama ya kuchemsha, ndiyo, utamu unaning'inia bila kazi. Ukiiweka na karanga za kukaanga zenye chumvi, au na jibini ngumu yenye chumvi nyingi, utamu na chumvi vinashikana na kila kimoja kinamvuta mwenzake. Na kwa nyama iliyopikwa kwa pilipili ya kutoa jasho, tamu iliyopozwa inakutuliza kuliko Cabernet ya bei mara tatu yake.

Nyekundu kavu ya Dodoma ni ya chakula cha kila siku, na hapo ndipo naipenda. Jua kali huivisha zabibu upesi, sukari hupanda na uchachu hushuka, kwa hiyo waini inakuwa na matunda yaliyoiva bila makali mengi. Rosti ya ng'ombe yenye nyanya, maharage, ndizi nyama isiyo na ndimu: vyakula laini, vya mchuzi, visivyo na uchachu mkali. Ukiilinganisha na Pinotage kwa rosti, zinakwenda sambamba, na mimi nitachukua ya Dodoma ili pesa yangu imfikie mkulima wa karibu. Kwa mbuzi choma mwenye kachumbari ya ndimu nyingi itapooza, na Pinotage inaishinda.

Soma lebo kwa makini. "Dry" ni kavu, "Sweet" ni tamu, na "Natural Sweet" inayojaa kwenye rafu zetu ni tamu kweli hata kama muuzaji atakuambia ni ya katikati. Chupa mbili za kampuni moja, zenye rangi moja na picha moja, zinaweza kutofautiana kwa neno hilo tu.

Keki ya harusi

MC anatangaza shampeni, kizibo kinaruka, ndugu wanapiga vigelegele, maharusi wanalishana keki na kunyweshana. Mara nyingi kilichomo kwenye glasi si cha Champagne, maana jina hilo kwa haki ni la waini ya jimbo la Champagne nchini Ufaransa, lakini hilo si tatizo. Tatizo ni pale chupa ilipoandikwa "Brut". Brut ina sukari isiyofika gramu 12 kwa lita, nayo keki ina sukari juu mpaka chini. Chakula kitamu kikitangulia, waini isiyo na utamu wa kukifikia inageuka siki. Utaona nyuso za wazazi zinavyokunjamana. "Demi-Sec" ina gramu 32 hadi 50 kwa lita, na hiyo ndiyo ya kununua, au waini ya mapovu ya zabibu za Muscat, ambayo pia ina kilevi kidogo na hailevyi wazee kabla ya hotuba. Brut iliyokwisha kununuliwa usiitupe. Itoe mapema, wakati sambusa na bajia zinapita.

Kaimati na visheti vinafuata sheria ileile: tamu juu ya tamu.

Joto la chupa

Ulinganisho wote huu unaweza kuharibiwa na jambo moja. Vitabu husema nyekundu inywewe kwenye joto la chumbani, lakini chumba kinachozungumziwa ni cha Ulaya, chenye nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Dar es Salaam au Mombasa ina nyuzi 28 na kuendelea. Kwa joto hilo kilevi kinapanda puani, matunda yanajificha, na pilipili inapata nguvu. Tia nyekundu kwenye friji nusu saa kabla ya kula, hata ile ghali. Nyepesi kama Cinsaut, mpe dakika 45. Mtu akikuambia unakosea, mmiminie glasi mbili, moja ya friji na moja ya kabatini, na sahani moja ya nyama.

Nyeupe na rozi zinataka nyuzi 8 hadi 12. Friji la nyumbani hushuka chini ya hapo, kwa hiyo Chenin iliyokaa usiku kucha itoe dakika kumi kabla ya kumimina, la sivyo baridi itaficha ile asali uliyoilipia. Za mapovu na za tamu ziwe baridi zaidi. Kwenye pikiniki ya ufukweni, ndoo ya barafu yenye maji hupoza haraka kuliko barafu tupu, maana maji yanaizunguka chupa yote.

Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano. Ikibaki, izibe na uirudishe kwenye friji, hata nyekundu, itanyweka kwa siku tatu au nne. Baada ya hapo imimine kwenye sufuria ya rosti vitunguu vikishaiva na kabla ya kutia nyanya, uiache ichemke wazi mpaka harufu ya kilevi iishe.